Shajara ya mradi: darasa la tatu na mambo ambayo habari haikuyataja

Mwezi wa pili, mwanzoni

Naanza kuandika sa hivi maana najijua, ikifika mwezi wa kumi nitakuwa nakumbuka nusu nusu. Mradi wenyewe ni wa darasani kwangu tu, hauna mfadhili wala semina wala posho. Darasa la tatu, somo la Kiswahili, shule ya msingi ya kijijini huku Muheza, Tanga, watoto wanabanana watatu watatu kwenye dawati na kuna madawati yana wanne. Ninachotaka ni kwamba mtoto akisoma habari aweze kujua kitu ambacho mwandishi hakukitaja ila kakiachia alama, na aweze kuniambia kakijuaje.

Kusoma wengi wanajua, hilo nisiwaonee. Ukimpa kifungu anakwenda nacho mpaka nukta ya mwisho, mgeni akipita mlangoni anasema hongera Madam. Kazi ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) darasa la kwanza na la pili imefanyika. Sasa muulize: kwa nini mama alikwenda sokoni? Anakuandikia "Kwa sababu mama alikwenda sokoni", mwandiko mzuri, herufi kubwa ipo, nukta ipo, na wala hajatania.

Ofisini nikawapa wenzangu kamtego. Nimeandika kwenye karatasi: "Bi Tufwe alizubika kule peguni akamtwinga Lamato." Maswali: Nani alizubika? Alizubika wapi? Alimtwinga nani? Kila mwalimu kapata tatu kwa tatu, na hakuna anayejua kuzubika ni kitu gani, mimi mwenyewe niliyeitunga sijui. Afu swali la nne: je, Lamato alifurahi? Kimya. Mwalimu wa darasa la nne akacheka akasema haya ndo maswali yetu ya ufahamu kila siku. Ndo hivyo. Mtoto anachukua maneno ya swali, anayatafuta kwenye kifungu, akikuta sentensi inayofanana anaihamisha kama ilivyo, na sisi tunampa vema. Tumemzoesha wenyewe, afu tukifika kwenye swali la "unafikiri" tunashangaa kakwama.

Kuna utafiti wa zamani wa Mmarekani mmoja, Dolores Durkin, wa mwishoni mwa miaka ya 1970, alikaa madarasani akiangalia walimu wanavyofundisha ufahamu. Alichokuta ni kwamba walimu wanauliza maswali mengi sana, yaani wanapima pima, lakini muda wa kumwonyesha mtoto namna ya kuelewa ni mdogo mno. Ukiusoma leo ukiwa umekaa Muheza unaona kama alikuwa dirishani kwako.

Mwezi wa pili, baadaye kidogo

Nimeanza na karatasi ya manila na maka peni, kifungu kifupi nimekitunga mwenyewe, kimebandikwa ubaoni ili nisihangaike na vitabu ambavyo havitoshi:

"Mwajuma alifika nyumbani. Alivua viatu mlangoni akavigonga ukutani, matope yakadondoka. Mama akamwangalia juu mpaka chini, akaingia ndani kuleta kanga kavu."

Swali: nje hali ya hewa ilikuwaje? Mikono haikuinuka. Nikamwita mmoja, akasimama, akasoma tena yote kwa ndani, midomo inacheza, akasema "Madam, haijaandikwa." Na kweli haijaandikwa, mtoto hajakosea chochote! Nikamuuliza, ungekuwa wewe ndo mama, ungeleta kanga kavu ya nini? Akasema "Si kalowa." Nani kakwambia? Akaniangalia kama vile namtega, akarudi ubaoni, akagusa neno "kavu" kwa kidole.

Hapo nikapata kitu cha kushikilia. Akili ya kung'amua wanayo, wanaitumia nyumbani kutwa nzima. Mtoto wa miaka 9 akiingia ndani akakuta mama anafunga mlango wa kabati kwa nguvu anajua leo si siku ya kuomba hela ya daftari, hakuna aliyemfundisha. Ila akifungua kitabu ile akili anaiacha mlangoni, kwake yeye kitabu ni mahali pa kutafuta jibu lililokwisha kuandikwa.

Kwa hiyo swali la mradi mzima ni "Umejuaje?" Jibu likiwa sahihi nauliza umejuaje, likiwa siyo nauliza umejuaje, sauti ile ile, maana ukiuliza kwa walioteleza peke yao wanajifunza haraka kwamba umejuaje maana yake umekosa, wanabadilisha jibu kabla hujamaliza kuuliza. Jibu la "nimejua tu" silikubali. Anakuja mbele anapigia mstari neno lililomwambia.

Wiki iliyofuata

Nimekuwa nachukua sentensi moja tu tunaikamua neno kwa neno. Hili nimelitoa kwa Nicola Yuill na Jane Oakhill wa Uingereza, 1988, walifanya kazi na watoto wa miaka 7 na 8 ambao maneno wanayasoma vizuri tu ila habari haiwaingii, ndo hawa wangu kabisa. Wakawafundisha kuchukua neno na kujiuliza linatuambia nini kuhusu mtu, mahali, kilichotokea, na kujiulizia maswali wenyewe, na kubashiri kilichofichwa. Ufahamu ukapanda. Sina haja ya kifaa chochote, chaki inatosha.

Sentensi ya jana: "Mzee Athumani alikaa juu ya tenga tupu." Neno "mzee" linatupa nini, "alikaa" linatupa nini (mmoja kasema kachoka, mwingine kasema anasubiri, nikaandika yote mawili), "tenga" ikawa kelele darasa zima maana hapa kila mtu nyumbani kwao kuna tenga la machungwa, na "tupu" ndo ikawa funga kazi: mzigo umeshaondoka! Fuso limeshapita, yaani lori la kubeba machungwa! Neno fuso halipo popote kwenye sentensi, limeletwa na wao.

Mwezi wa tatu

Ikaja zamu ya viambishi. Hili sijaona likizungumzwa sana na naona ndo linawaangusha wengi kimyakimya. Kiswahili chetu mtu anajificha kwenye kaherufi kamoja. Nimeandika ubaoni:

"Rehema alimpa Zuhura kanga yake kwa sababu alikuwa amelowa."

Nani kalowa? Nusu Rehema, nusu Zuhura, na wa Rehema wanasema kwa sababu Rehema ndo katajwa kwanza. Tukaigiza. Wasichana wawili mbele, kanga moja, nikammwagia mmoja maji kidogo mkononi, darasa likalipuka kwa kicheko, ikajulikana: anayepewa ndo mwenye shida. Afu nikafuta mkia nikaandika mwingine: "kwa sababu alikuwa nazo mbili." Sasa ni nani? Wakaona. Sentensi ni ile ile, "a" ni ile ile, ila imehamia kwa mtu mwingine, na kilichoihamisha siyo sarufi, ni unachojua kuhusu watu na kanga. Mtoto anayesoma bila kujiuliza hii "a" ni ya nani anaweza kumaliza ukurasa mzima kashampoteza kila mtu, na sauti yake bado ni nzuri.

Afu upande wa pili kuna sehemu lugha inakusaidia kabisa. "Mezani palikuwa na ndizi moja, embe moja na kipande cha muwa. Asha akakiangalia, akaliacha, akaila." Kala nini? Hii waliipenda kupita kiasi. Kaangalia muwa, kaacha embe, kala ndizi, na hakuna tunda hata moja lililotajwa kwenye sentensi ya pili. Ubishi ukaja kwenye embe maana mtaani wengi tunasema "embe hii", basi wawili watatu wakashikilia kwamba Asha kala embe, na kwa lugha yao ya nyumbani hoja wanayo. Nikaliandika "embe hili, maembe haya" pembeni tukaendelea. Kesho yake nikakuta watoto wanategana sentensi za hivyo wakati wa uji, wanazitunga wenyewe.

Kabla ya likizo

Tatizo jipya, na nililitegemea: sasa wanang'amua mpaka visivyokuwepo. Kifungu kinasema Salimu hakuja shule Jumatatu. Basi. Mmoja: mama yake kafariki. Mwingine: kakimbia na mjomba wake kwenda Dar. Mwingine: kalogwa. Hizi sinema za kwenye vibanda zinafanya kazi yake. Wanadhani Madam anapenda majibu ambayo hayajaandikwa, basi lolote ambalo halijaandikwa ni zuri.

Ndo nikagawa ubao mafungu matatu. La kwanza: imeandikwa. La pili: haijaandikwa ila tunajua, na ushahidi upo. La tatu: hatuwezi kujua. Nasoma sentensi, wanasema iende wapi. Salimu hakuja shule, imeandikwa. Salimu ni mwanafunzi, la pili. Salimu anaumwa, hapo pakawaka moto, mpaka tukakubaliana la tatu, labda habari ikiendelea itatuambia.

Fungu la tatu ndo gumu kuliko yote na silo kwa sababu ya akili. Hawaamini kwamba mwalimu anaweza kuuliza swali halafu jibu lililo sahihi liwe "hatuwezi kujua". Tangu waanze shule kila swali lina jibu na anayenyamaza hajui. Mtoto mmoja kanifuata baada ya kipindi, "Madam, lakini wewe unajua Salimu yuko wapi?" Nikamwambia sijui mwanangu. Hajaridhika, namuona.

Vitendawili nimevitumia pia, ila kuna kitu cha kuangalia. Ukisema kitendawili wakasema tega, "Nyumba yangu haina mlango", darasa zima linajibu yai kabla hujafunga mdomo, na hapo hakuna aliyefikiri, wameliimba tu, hilo jibu wanalo tangu wako mgongoni kwa bibi. Kwa hiyo nabadilisha: mi ndo natoa jibu, wao wanatoa ushahidi. "Kuku wangu katagia miibani", jibu ni nanasi, haya nionyeshe miiba iko wapi na kuku ni nini na yai ni nini. Au nawaletea jibu jingine, nyumba isiyo na mlango kwa nini isiwe kaburi? Hapo sasa ndo wanafikiri. Mmoja kasema kaburi siyo nyumba "yangu" mpaka ufe. Nikakosa la kusema, nikahamia kitendawili kingine.

Baada ya likizo ya mwezi wa sita

Mahudhurio yameyumba, msimu wa machungwa, wakubwa wanabeba na wadogo wanaokota. Nikaona badala ya kupigana nao nilete habari yenyewe darasani:

"Fuso lilipoondoka Mzee Athumani alihesabu pesa. Akahesabu tena. Akaziweka mfukoni, akamwambia Shabani, 'Madaftari tutanunua mwezi ujao.'"

Kwa nini alihesabu mara mbili? Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kusoma bado anasilabi, ba-be-bi, kasikia ninavyosoma kwa sauti akainua mkono wa kwanza: "Dalali kampiga, Madam." Yaani kamdhulumu. Umejuaje? "Pesa nyingi unazihesabu mara mbili kwa furaha, ila ukifurahi madaftari unanunua leo." Kichwa hicho! Mwingine akasema labda mzee hajui kuhesabu, na ukiangalia sentensi mbili za mwanzo peke yake hilo halijakatazwa, kwa hiyo sikulifuta, nikauliza darasa sentensi ya mwisho inalikubali au inalikataa. Wakabishana vizuri sana. Hakuna aliyemzomea mwenzake.

Yule kijana kanifungua macho kwa jambo moja. Gough na Tunmer walishasema tangu 1986 kwamba kusoma kwa kuelewa kunahitaji vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, na kimoja kikiwa sifuri kingine hakikuokoi. Kwenye daftari yule mtoto anaonekana mzito. Ukimsomea, anawazidi wote. Kungoja mpaka amalize silabi ndo aanze kufundishwa kufikiri ni kumchelewesha bure, kwa hiyo siku mbili kwa wiki hatushiki kitabu kabisa, nasoma mimi wao wanasikiliza, na silabi zake anaendelea nazo kipindi cha marudio.

Mwezi wa nane

Nimejaribu upande wa pili wa shilingi, habari ya mjini: "Neema aliingia, akabonyeza namba 6. Mlango ukajifunga wenyewe. Tumbo likamshuka. Mlango ulipofunguka, akaona magari chini madogo kama viberiti." Neema yuko wapi?

Majibu: anapiga simu. Wengi, karibu darasa zima, anapiga simu, na ushahidi wao wamepigia mstari barabara: kabonyeza namba! Ukiuliza mlango je, wanasema mlango umefungwa na upepo. Tumbo je? Kapewa habari mbaya kwenye simu. Na magari? Yako mbali. Kila alama wameipatia maelezo, hakuna waliyoiruka. Mmoja tu aliyewahi kwenda Dar kwa shangazi yake ndo kasema ni lifti, akaanza kuwaeleza wenzake namna tumbo linavyobaki chini.

Nani anaweza kuwaambia hawa hawajui kung'amua? Wamefanya kila nilichowafundisha, kilichokosekana ni lifti. Recht na Leslie kule Marekani, 1988 hiyo hiyo, walichukua watoto wanaosoma vizuri na wanaosoma kwa shida, wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakaielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nikiwapa wa kwangu machungwa wanaonekana wajanja, nikiwapa lifti wanaonekana wazito, na watoto ni wale wale. Ila mtihani hautauliza machungwa kila mwaka, kwa hiyo siwezi kubaki shambani pia. Siku hizi kabla ya habari ngeni natumia dakika kumi kuleta picha, kuuliza nani kawahi kuona, kumpa nafasi aliyewahi awasimulie. Lifti nimeichora ubaoni, mchoro mbaya kabisa, ndoo na kamba ya kisima, wakaelewa.

Mwalimu mwenzangu kaniuliza, Madam, hivi vipindi unavyobishana na watoto, mada zitaisha? Swali la haki. Mwakani hawa wanaingia darasa la nne na upimaji wa taifa unawasubiri. Nikamwonyesha daftari za mwezi wa pili na za sasa. "Kwa sababu mama alikwenda sokoni" imepungua sana. Kwenye kuandika ndo bado: kwa mdomo mtoto anakupa sentensi tatu na ushahidi wake, mpe kalamu anakuandikia "kalowa". Nimewawekea kianzio, "Najua kwamba ... kwa sababu habari inasema ...", wengine kinawasaidia, wengine wamekigeuza wimbo wa kunakili mwingine tu. Sipendi kinavyokwenda, nadhani nitakiondoa kwa wale ambao hawakihitaji.

Neno ushahidi nalo limetoka nje ya darasa. Juzi mpirani golikipa kakataa goli, wakamzunguka, "Ushahidi wako?" Na mwalimu wa zamu kanilalamikia kwamba aliuliza nani kavunja kopo la maji, kikundi kizima kikamjibu hatuwezi kujua.

Mwezi wa tisa

Hatua ya sasa ni wao kutunga. Sheria ni moja: andika sentensi mbili au tatu, ficha kitu, mwenzako akitafute. Wengi wanaficha mpaka hakipatikani, au wanakitaja chote. Ila msichana mmoja kaniletea hii, nainakili ilivyo:

"Babu alikuja jana. Jogoo wetu mwekundu hayupo."

Nikaibandika ubaoni. Kelele zake ni kama fuso limefika. Kachinjwa! Hapana, kaibiwa! Babu kaondoka naye! Nikawaachia wagombane, afu nikauliza iende fungu gani, na baada ya ubishi mrefu wakasema la tatu, alama hazitoshi, wakamtaka mwenye habari aongeze sentensi moja bila kutaja nyama wala kisu. Akakaa na penseli mdomoni mpaka kengele inataka kugonga. Akaongeza: "Leo mbwa amelala tu, hataki ugali."

"Kachinjwa" ikahamia fungu la pili, kura zote isipokuwa moja, na huyo mmoja anasema mbwa anaweza kuwa anaumwa. Jumatatu tunaanza na yeye, ajitungie sentensi ya kumponya au kumuuguza huyo mbwa, na wengine wote wanaleta za kwao kwenye vipande vya manila, nimeshakata.